Fungu la Chui Mlevi

Haikuwaka.

Msomaji aliyekuwa nasi Jumatano iliyopita anakumbuka tulipokatia: kompyuta ya msikiti iko mezani mbele ya Kadhi Sadik, inavuma kama mzee anayesafisha koo, na Rehemah amebana pumzi. Naam, ikasafisha koo, ikanena. Ilinena mstari mmoja mweupe wa Kizungu katikati ya skrini nyeusi, kwamba hakuna diski ya kuwashia.

"Alhamdulillahi," alisema Haji Abdul-Latif, na sijui kama neno hilo tukufu limewahi kutamkwa kwa nia chafu kuliko ile.

Rehemah alimtazama shemeji yake kwa jicho ambalo mtu humtazamia nzi aliyetua ukingoni mwa kikombe. Kanzu ya Haji ilikuwa imepigwa pasi hata ingeweza kusimama bila yeye. Tasbihi yake ilikuwa ndefu kuliko subira yake. Miaka ishirini na minne alikula kwa Rehemah kila Idi, akiisifu mikate yake ya kisra, akimwita mke wa kaka. Kaka alipokufa, kabla udongo wa kaburi haujakauka, lugha ikageuka: Rehemah hakuolewa na Idrisa hata siku moja. Aliwekwa tu.

Cheti cha ndoa kilitoweka sandukuni siku za matanga. Sheikh aliyefungisha nikahi ni marehemu, na shahidi wa kwanza ni marehemu. Shahidi wa pili yu hai, yu mzima, ana kanzu ya pasi na tasbihi ndefu, na anakana.

Madaftari ya karatasi ya msikiti yalikwisha kuozeshwa na dari lililovuja. Duniani lilibaki daftari moja, lile ambalo Jamilah, binti wa Rehemah mwenyewe, alilichapa ukurasa kwa ukurasa ndani ya kompyuta hii, kwa programu kongwe isiyokubali kufunguka katika mashine nyingine yoyote.

Naye Kadhi alikuwa ametoa hukumu ya muda: daftari lisipoonekana kabla ya adhana ya alasiri, ataandika kuwa hapakuwa na nikahi. Rehemah atatoka katika nyumba ya Idrisa mtaani Kamwokya, na jina lake mjini litakuwa kimada.

"Saa ngapi?" aliuliza Kadhi.

"Saa nane na robo, Sheikh," alijibu Wahabi.

Huyu Wahabi ni ndugu wa Rehemah, tumbo moja. Soketi ya ofisi ile ilikuwa imelegea, basi Kadhi alikuwa amemwamuru akae chini ukutani aushikilie mkono wa umeme, ile plagi ya kompyuta, usichomoke. Tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno kumi.

"Nitamwita Nasike," alisema Rehemah.

"Dada, acha," Wahabi alinong'ona. "Jambo ambalo Mungu amelifunika..."

"Mungu hafuniki haki ya mjane. Shika waya wako."

Nusu saa haikutimia, Nasike akafika. Alikuwa mwanamke wa Bungoma mwenye kibanda cha ufundi nyuma ya soko la Kamwokya, mfupi, mwenye bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alivua viatu mlangoni, akajitanda kitambaa kichwani bila kuambiwa.

Abdul-Latif alimpima kutoka unyayo hadi kitambaa.

"Huyu? Mwanamke, Mkenya, tena Mkristo? Huyu ndiye atakayetia mikono yake ndani ya kompyuta ya msikiti?"

"Mzee wangu," alisema Nasike, "kompyuta haijatahiriwa wala haijabatizwa. Ina skrubu nne tu. Nipishe nizione."

Kadhi alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake.

Nasike alifungua ubavu wa mashine. Ndani mlikuwa na diski mpya, inang'aa. Ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya meza kama maiti isiyo na sanda. Aliiunganisha kwa waya, akainamisha sikio. Tik. Tik. Tik. Akaichomoa.

"Hii imekwisha. Hata kisomo haikitaki. Ile mpya nani aliinakili?"

"Injinia," alisema Abdul-Latif, akilivuta neno lile kama mtu avutaye mkeka wa bei. "Injinia Byron, wa Bugolobi. Ana ofisi gorofani. Ana tai."

"Byron!" Nasike alicheka hadi bisibisi ikamdondoka. "Byron wa kava za simu? Tai anayo, kweli. Anaivaa ili shingo isianguke, maana juu yake hamna uzito wa kuishikilia." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Injinia Byron hapa. Nani mwenzangu?"

"Nasike wa Kamwokya. Diski ya msikiti uliinakilije?"

"Kitaalamu."

"Mafungu mangapi?"

"Moja. Lile kubwa, lenye kila kitu."

"Na diski ya zamani ilikuwa na mafungu mangapi?"

"Mawili. Lakini lile dogo lilikuwa takataka, nyabo, mama yangu. Megabaiti mia. Hata picha moja haimo."

"Ulilifungua ukaona takataka?"

"Sikulifungua. Haji mwenyewe aliniambia nilikate. Alisema lisikanyage msikitini."

Macho yote yaligeuka. Abdul-Latif hakutahayari. Alijinyoosha, kwani alidhani amesifiwa.

"Ndiyo, niliamuru! Na mngeona nilichokiona mngeamuru pia. Kompyuta hii kamati yetu iliinunua kwa watu, imetumika. Mnajua ilitumika wapi? Kansanga, katika kilabu cha pombe. Fundi wao alilibandika fungu lile jina la kilabu. Nimelisoma kwa macho yangu haya: Chui Mlevi! Kwa herufi kubwa, ndani ya nyumba ya Mungu! Nikasema najisi hainakiliwi. Chukua lililo safi, lililo chafu liache life na diski yake."

"Subhanallah," alisema Kadhi taratibu.

"Mzee," alisema Nasike, "mimi nalala ukuta kwa ukuta na msikiti huu. Kila alfajiri mwadhini wenu ananiamsha mimi nisiyehusika. Sasa sikiliza. Diski hugawanywa mafungu. Lile kubwa ndilo lenye mfumo, programu, daftari lenu, vyote. Lakini vyote vimelala. Mashine ikipewa umeme haijui pa kuanzia. Huenda kwanza kwenye fungu dogo lenye alama ya kuwashia, likaiambia: mfumo uko pale, nenda ukauamshe. Basi lile dogo ndiye mwadhini. Wewe umemfukuza mwadhini kwa sababu ya jina la kanzu yake, halafu unashangaa watu hawaamki."

"Jina lile lilikuwa haramu!"

"Jina la fungu hubadilishwa kwa kubofya mara mbili," alisema Nasike. "Ungemwita Bilali, angefanya kazi ileile."

Kadhi Sadik alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kilemba. Alikuwa mtu wa tungo tangu chuoni, na alipochukizwa hakugomba. Alighani chini kwa chini:

"Mwenye kiburi hajui,
joho lake halivui,
mwenyewe hajitambui,
ila siku ya aibu."

Kisha akavaa miwani. "Binti Nasike, mwadhini mpya anaweza kupatikana?"

"Nitalipandisha cheo fungu kubwa, Sheikh. Litakuwa imamu na mwadhini pamoja."

Alitoa flashi mfukoni, akaichomeka, akaiwasha mashine kwa flashi ile badala ya diski. Dirisha jeusi lilifunguka. Vidole vyake vilipita juu ya kibodi mbiombio, na huku ulimi wake haukupumzika. Alimcheka Byron, akamcheka Haji, akaicheka tai, akaicheka gorofa ya Bugolobi. Rehemah, mwanamke wa staha, alijikuta anacheka naye nyuma ya gurbaba, vazi alilojitanda. Raha iliyoje kumsikia adui akichambuliwa na mtu anayejua kuchambua!

Dirisha likaandika kwamba kazi imekamilika. Nasike akaizima mashine, akaiwasha upya.

Skrini ilibaki nyeusi kwa muda wa Kulhuwallahu moja. Kisha rangi ya samawati ikafunguka, na picha ya Kaaba ambayo Jamilah aliiweka zamani ikajitokeza.

"Allahu Akbar!" Rehemah alisimama wima.

Abdul-Latif alikuwa amekauka. Lakini nyoka hupata tundu hata kwenye sakafu ya saruji. Aliinua kidole.

"Sheikh, nina neno. Kidude cha huyu mwanamke kingali kimechomekwa. Tutajuaje kuwa daftari atakalotuonyesha halikutoka humo? Akitoe, kisha aiwashe tena mbele yetu."

Kadhi alifikiri. "Neno hilo lina haki, ingawa msemaji..." Hakumalizia. "Kitoe, binti."

"Kwa furaha," alisema Nasike. Akachomoa flashi, akaizungusha hewani mbele ya pua ya Haji, akaiwasha mashine.

Nyeusi. Mstari mweupe. Hakuna diski ya kuwashia.

Abdul-Latif alicheka kicheko kirefu, cha tumboni, kicheko cha mtu aliyekula na kubakiza. "Chui karudi! Fundi wa Kamwokya! Haya, tuambie tena habari za tai ya Byron. Tai yake walau inabana shingo; wewe hata ulimi wako haubanwi."

Nasike aliiweka bisibisi mezani. Alikaa mbele ya skrini akaisoma, na akili yake ikarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi ikafika pale ilipojikwaa.

"Nimefanya kosa la kitoto, Sheikh," alisema mwishowe. "Faili za kuamsha nimeziandika ndani ya flashi yangu, si ndani ya diski. Ndiyo maana iliwaka flashi ikiwemo tu. Nilikuwa nafanya kazi kwa mkono mmoja, na wa pili nacheka watu."

Nami msimulizi nasema: aliyemcheka mwenye kiburi kwa kiburi amevaa kanzu ya mwenziwe, na kanzu hiyo haimkai yeyote vizuri.

"Saa tisa na dakika arobaini," alisema Abdul-Latif, ambaye sasa hakuitazama saa yake ila kwa kuionyesha. "Mama Jamilah, ukitaka nitume pikapu ya kuhamishia vyombo, sema."

"Tuma," alijibu Rehemah. "Itakufaa wewe kubebea uongo wako, mabega yako yamechoka."

Lakini alikaa tena kitini. Kwa mara ya kwanza siku ile aliyakumbuka maneno ya Jamilah asubuhi, alipomletea chai kitandani na kuubusu mkono wake: "Mama, mashine ile iacheni. Imekufa. Tafuta njia nyingine." Pengine mtoto aliona mbali.

Safari hii Nasike alinyamaza kimya. Alichomeka flashi, akaiwasha mashine, akaorodhesha mafungu yote yaliyomo, akayasoma mara mbili. Aliona tena jambo lililomponyoka: fungu kubwa, ambalo mfumo ukiwa macho huliita C, mashine ikiamshwa kwa flashi huliita D. Kwanza akalitia fungu hilo alama ya kuwashia, ile iliyokuwa ya Chui Mlevi. Kisha akaandika amri ya kupeleka faili za kuamsha humo humo, akiitaja herufi D mwanzo na D mwisho, na kabla ya kubonyeza alilisoma kila neno kwa kidole, kama mwanafunzi wa chuo anavyoifuata aya.

Akabonyeza. Akazima. Akachomoa flashi, na safari hii hakuizungusha mbele ya pua ya mtu. Aliiweka katika kiganja cha Abdul-Latif.

"Shika wewe, mzee. Usiseme baadaye kuwa iko mfukoni mwangu."

Haji aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyepewa panya kwa mkia.

Nasike aliiwasha mashine. Nyeusi. Nyeusi bado. Rehemah alisoma dua moja, hakuimaliza. Samawati ikafunguka, na Kaaba ikasimama mahali pake.

Hakuna aliyepiga takbiri. Waliogopa kuishtua.

"Daftari," alisema Kadhi.

Nasike alifungua programu ile kongwe, akachapa jina la marehemu, Idrisa Marjan. Kadhi akasogea, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Nikahi. Idrisa Marjan na Rehemah binti Sururu. Mahari imetimizwa. Shahidi wa kwanza, marehemu Juma Rehan. Shahidi wa pili..." Akanyanyua kichwa. "Abdul-Latif Marjan, ndugu wa bwana harusi."

"Majina hufanana, Sheikh," alisema Haji, na sauti yake ilikuwa imeingia baridi.

Rehemah aliachia pumzi ya miezi mitano. "Una ndugu mwingine wa jina lako, shemeji? Mlete naye siku ya Idi. Miaka ishirini na minne nimekuwa nikipika kisra ya mmoja tu, kumbe mko wawili."

Kadhi hakucheka. Alikuwa angali anaitazama skrini. "Binti Nasike, mbona imeandika kuwa majibu ni mawili? Shuka chini kidogo."

Nasike alishuka. Rehemah aliwahi kuliona neno la kwanza la mstari wa pili. Lilikuwa neno fupi, na kila mwanamke aliyeolewa hulijua.

Talaka.

Hapo skrini ikazimika.

Wahabi alikuwa amesimama ukutani, mkono wa umeme umening'inia katika ngumi yake, machozi yanamtiririka hadi ndevuni. "Imetosha, dada. Nikahi umeiona. Sheikh ameisoma. Imetosha, wallahi, twendeni nyumbani."

Dharau yote iliyokuwamo chumbani ilimwangukia yeye. Nasike ndiye aliyeisema.

"Vuta hata mara mia, kaka. Saa moja iliyopita ungetuweza. Sasa inaamka yenyewe."

"Rudisha," aliamuru Kadhi.

Wahabi akarudisha. Samawati, Kaaba, daftari. Kadhi akasoma mstari wa pili: Idrisa Marjan amemwacha mkewe Rehemah, talaka tatu, siku kumi kabla ya kufa kwake.

"Mnaona!" Abdul-Latif alifufuka, tasbihi ikapiga ukuta. "Si nilisema? Aliachwa! Mirathi hana, nyumba hana!"

"Haji," alisema Kadhi, "dakika tano zilizopita hakuwa ameolewa, na sasa ameachwa. Mtu humwacha vipi asiyemwoa? Kaa chini. Hata katika uongo mtu huchagua mmoja akaulea."

Haji akakaa. Kadhi akauliza programu ile huonyesha nini kingine, na Nasike akamwambia kuwa huandika yenyewe siku na saa ambayo kila mstari ulichapwa. Mchapaji hawezi kuigusa tarehe hiyo. Akasogeza mshale kulia. Kadhi akasoma, akasoma tena.

"Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Saa ile mimi nilikuwa namswalia Idrisa makaburini. Talaka hii imeandikwa huku mwenyewe akiteremshwa kaburini. Nani kati yenu hakuja kuzika?"

"Si mimi!" alilia Abdul-Latif. "Mimi niliingia mwanandani, nilimpokea kaka kwa mikono yangu hii, nyote mliniona!"

Na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, Abdul-Latif alikuwa anasema kweli. Wote walimwona. Wahabi alibeba jeneza. Wanaume wote wa mtaa walikuwako makaburini, na wanawake, kama ilivyo ada, walibaki nyumbani.

"Basi mwandishi ni miongoni mwa waliobaki," alisema Kadhi polepole. "Je, jina la aliyechapa nalo huandikwa?"

"Huandikwa, Sheikh. Mwisho wa mstari." Nasike alisogeza mshale, akalisoma jina. Alimgeukia Rehemah, na usoni mwake haukubaki hata mzaha mmoja. "Mama, usisome."

"Nilitaka usilione, dada," alisema Wahabi kutoka ukutani. "Aliniambia jana usiku wote akilia. Ndiyo maana nilivuta."

Rehemah alivaa miwani. Kutwa nzima alikuwa amewatazama watu kwa jicho la kutazamia nzi, na sasa jicho lile lile lilibidi lisome herufi saba.

Jamilah.

Mwadhini wa alasiri akakohoa katika kipaza sauti. Na mlangoni, kabla hajaanza, hodi ikabishwa mara mbili kwa ustaarabu, na sauti laini ambayo Rehemah aliifundisha mwenyewe kusema ikauliza:

"Mama, nimewaletea chai. Mashine imewaka?"